Trekta Halifi kwa Klachi

Klachi ya Massey Ferguson 135 ikiungua, mjini Rumonge hukumu hutoka kabla boliti moja haijafunguliwa: limekwisha hilo, tafuta mnunuzi wa chuma chakavu. Wanaoitoa hukumu hiyo si watu wa kupuuzwa. Yumo mfanyabiashara aliyerudi kutoka Dubai na picha za matrekta mapya kwenye simu. Yumo afisa wa mradi ambaye bajeti yake inaisha Desemba, na anajua kuwa picha ya mashine inayong'aa hupamba ripoti kuliko picha ya fundi mwenye grisi hadi viwikoni. Yumo dereva mwenyewe, aliyeiunguza klachi kwa mguu wake na sasa anatikisa kichwa kwa huzuni akisema chuma kimezeeka. Na nyuma yao wapo majirani tele, wasio na trekta wala matumaini ya kulipata, ambao wamelisikia neno hili mara nyingi hata wanaliapia.

Mimi siliapii. Matrekta madogo ya zamani niliyoyaona yamesimama kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, nyasi zikiwa zimeota katikati ya magurudumu, hayakuuawa na umri. Yaliuawa na matengenezo ya nusunusu, kisha yakasingiziwa uzee. Klachi iliyokufa mara tatu mfululizo haithibitishi kwamba trekta limechoka. Inathibitisha kwamba lilifunguliwa mara tatu na halikutengenezwa hata mara moja.

Wapo wanaolipinga trekta lolote, jipya au kuukuu, kwa kuwa Burundi ni nchi ya milima na vishamba. Kwa Kayanza au Mugamba, ambako shamba la kaya halifiki hekta moja na limelala ubavuni mwa kilima, sina ugomvi nao. Huko jembe ni jembe. Ukanda wa Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Imbo ya huku kusini ni tambarare nyembamba iliyobanwa kati ya maji na miteremko ya Mumirwa, na trekta la huku kulima kwake ni kwa nadra. Kazi yake ni kubeba. Hubeba mikungu ya chikichi kutoka mashambani hadi kwenye mashine za kukamua mawese, hubeba matofali kutoka tanurini, mchanga, mihogo, mbao. Rumonge ndiko kwenye makao ya OHP, ofisi ya serikali inayosimamia zao la mawese, na kwa kweli ni mji unaonukia mawese kuanzia sokoni hadi bandarini. Mwenye trela na trekta la nguvu farasi 45 hakai bure katika mji kama huo, na siku asipobeba, shafti ya nyuma ya trekta inaweza kuzungusha mashine ya kukamulia.

Hapo ndipo klachi inapoanza kuonewa. Trekta linapolima, dereva hukanyaga klachi akifika mwisho wa shamba ili ageuze. Likivuta trela kwenye barabara ya RN3, hukanyaga penye kila kizuizi, kila shimo, kila mbuzi, kila kona ambayo mvua za Mumirwa zimeimwagia udongo. Tangu ziwa lipande miaka hii ya 2020 na kuingia hadi majumbani, sehemu za barabara hiyo zimekuwa za kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Kila kuondoka ni klachi. Mtu anayelinganisha umri wa klachi ya hapa na ya shamba la ngano la Ulaya, kisha akasema yetu imekufa mapema kwa kuwa trekta ni bovu, hajajua anapima nini.

Tena hajajua klachi ni kitu gani. Ni diski iliyobandikwa laini, yaani tabaka la msuguano, pande zote mbili, inayobanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti kwa nguvu ya springi. Ukikanyaga pedali, beringi husukuma vidole vya presha pleti, mbano unalegea, injini inazunguka peke yake. Ukiachia, diski hushikwa tena, na kabla haijashika sawasawa huteleza kidogo. Katika kule kuteleza ndiko laini inakolika. Imewekwa pale iliwe yenyewe ili meno ya giaboksi yasiliwe. Kuliona trekta limekufa kwa sababu laini imekwisha ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu mkaa umekwisha jikoni.

Nimeitaja Massey Ferguson 135 kwa sababu ndiyo inayolaumiwa zaidi, na pia kwa sababu klachi yake ina siri ambayo wengi wa wanaoilaumu hawaijui. Trekta hilo lilianza kutoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza, mwaka 1964, likirithi kazi ya MF 35, ambayo nayo ilitokana na Ferguson TE20, maarufu kama Fagi ya kijivu, ya mwaka 1946. Injini ya dizeli ya 135 ni Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu. Matoleo mengi yana klachi ya hatua mbili. Kanyaga pedali nusu, unalitenga giaboksi na trekta linasimama, lakini shafti ya nyuma inaendelea kuzunguka. Kanyaga hadi chini, shafti nayo inasimama. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mna diski mbili: kubwa ya mwendo na ndogo ya shafti. Na pampu ya haidroliki ya trekta hili huzungushwa na upande wa ile diski ndogo.

Tazama sasa balaa lake. Diski ndogo ikichakaa, shafti inateleza ikibebeshwa mzigo, na haidroliki nayo inanyanyua kwa kusitasita. Mwenye trekta anaambiwa pampu imekufa. Ananunua pampu. Hali ni ile ile. Anaambiwa basi silinda ya kunyanyulia. Fedha ikishakwisha ndipo linapokuja neno la mwisho, kwamba haya mazee hayana dawa. Dawa ilikuwapo; aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kama shafti ya nyuma nayo inakosa nguvu ikipewa kazi.

Lakini klachi nyingi hata hazifiki huko. Zinauawa na mguu. Dereva anaweka mguu wa kushoto juu ya pedali kama anavyoweka mkono juu ya meza, safari nzima. Uzito huo mdogo unatosha kuigusisha beringi kwenye vidole vya presha pleti, nayo inazunguka saa zote badala ya zile sekunde chache ilizotengenezewa. Grisi yake inakauka, inaanza kulia, kisha inasagika. Mwingine akiwa kwenye mteremko wa Mumirwa na trela limejaa, halishikilii trekta kwa breki. Anacheza na klachi, akiiachia nusu lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Mwingine anaondoka na gia ya tatu kwa sababu gia ya kwanza inamchosha. Halafu jioni, harufu ile ya laini iliyoungua ikiwa bado imeganda kwenye nguo zake, anamwambia tajiri kwamba chuma kimezeeka.

Simlaumu peke yake. Dereva wa huku mara nyingi hulipwa kwa safari, si kwa siku, na hakuna aliyewahi kumfundisha zaidi ya "hiki ndicho cha kusimamisha, hiki ndicho cha kuondokea." Tajiri asiyetaka kutumia asubuhi moja kumfundisha dereva hana haki ya kushangaa.

Kuna kosa jingine ambalo ni la tajiri na fundi wake kabisa. Pedali ya klachi lazima iwe na uhuru kidogo: uikanyage kwa kidole, ishuke kidogo bila kugusa kitu, ndipo uanze kuhisi uzito. Kadiri laini inavyolika, uhuru huo hupungua. Ukiisha, beringi inabaki imeegemea vidole hata kama mguu wa dereva umefungwa kamba mbali. Hapo klachi haibani tena kwa nguvu zake zote. Inateleza, inapata moto, inaungua. Kuurudisha uhuru huo hakuhitaji kipuri chochote. Ni kazi ya spana na dakika chache kwenye kiungo cha pedali, na kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha trekta. Nimewauliza wenye matrekta wa pwani hii ni lini mara ya mwisho walirekebisha pedali, na jibu ninalolipata ni kutazamwa kama ninayeuliza habari za mwezini. Laini ambayo ingekula misimu kadhaa inakwisha kwa mmoja, na lawama anabeba mtengenezaji wa Coventry aliyekwisha kuzikwa.

Sasa tufike penye jeraha lenyewe, yaani namna tunavyotengeneza.

Kuifikia klachi ya 135 si mchezo. Lazima trekta litenganishwe vipande viwili, injini na magurudumu ya mbele upande huu, giaboksi na magurudumu makubwa upande ule. Nilisimama kando ya kazi hiyo nje kidogo ya mji wa Rumonge, kwa fundi aliyejifunzia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura ambako klachi wanaiita ambreyaji na ambako nusu ya magari ya nchi hii hupata nafuu. Alitoa boneti na betri. Akafungua bomba la dizeli akaliziba kwa kijiti, akatoa nyaya, fito za usukani, fimbo ya kuongezea mafuta, kila kitu akikipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka. Kabla hajagusa boliti za kiunoni, alichonga kabari mbili za mti mgumu akazigongomea juu ya ekseli ya mbele, moja kila upande. Ekseli ile hucheza kwenye pini moja ya katikati; bila kabari, injini ikishaachana na giaboksi inaweza kulala ubavu na kumlalia mtu. Kisha jeki chini ya giaboksi, magogo chini ya injini, na watoto wote wakafukuzwa. Nusu ya nyuma ikasukumwa taratibu mpaka mtu akaweza kupita katikati.

Ndani kulikuwa na kila kitu nilichokieleza hapo juu. Laini ya diski kubwa ilikuwa imelika hadi vichwa vya riveti, na riveti zimechora mifereji kwenye uso wa flaiwili. Palikuwa na madoa ya bluu, alama ya chuma kilichopata moto, na nyufa nyembamba kama nywele. Beringi ukiizungusha kwa mkono ilikuwa na sauti ya mchanga. Chini kabisa palikuwa na utelezi mweusi wa oili iliyovuja kutoka sili ya nyuma ya injini, ambayo kwa Perkins za zamani ni ya kamba, hukauka na kulegea kwa miaka.

Mwenye trekta, hadji mmoja wa makamo, alikuwa amekuja na diski moja mpya ndani ya mfuko wa nailoni.

"Fundi, weka hiyo tufunge. Mikungu inaoza kule."

"Hadji, kufungua ndiyo kazi. Nikifunga na ubovu humu ndani, umenilipa nirudi tena mwezi ujao."

"Mungu ndiye ajuaye ya mwezi ujao."

"Anajua, Hadji. Lakini atakayelala chini ya hili trekta ni mimi."

Haraka ya hadji ilikuwa ya kweli. Chikichi iliyokatwa ikikaa siku kadhaa, asidi hupanda ndani ya mafuta na bei ya mawese hushuka. Lakini hesabu yake ilikuwa imekaa kichwa chini, na ndiyo hesabu ya karibu kila mwenye trekta ninayemjua. Alihesabu bei ya vipuri, hakuhesabu bei ya kufungua. Katika kazi ya namna hii kufungua na kufunga ndiyo gharama. Beringi ya klachi ni kitu cha bei ndogo, na sili ya nyuma ndogo zaidi. Ila ukifunga trekta juu ya beringi mbovu, siku itakapokatika utalipia upya kutenganisha trekta zima kwa ajili ya kitu kinachoingia mfukoni. Na diski mpya iliyowekwa juu ya flaiwili yenye mifereji, huku oili ikiidondokea, imeanza kufa kabla trela halijafungwa.

Hadji alikubali kwa kinyongo. Flaiwili ilifunguliwa ikapanda Probox hadi Bujumbura, kwa mkerezaji, akaipiga uso mpaka mifereji na nyufa zikaisha. Zilinunuliwa diski zote mbili, beringi ya kusukuma, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili ambayo hakuna anayeikumbuka, na sili mbili, ya injini na ya shafti ya giaboksi. Presha pleti ilipimwa, ikaonekana inafaa kurekebishwa: vidole vyote vikaletwa kwenye urefu mmoja, maana kimoja kikitangulia, klachi hutetemeka kila ikishika. Kuzilenga diski katikati fundi alitumia kijiti alichokichonga mwenyewe kwa kipimo cha shafti, laini kama mpini wa jembe jipya. Hadji akakodi lori la mtu kwa mikungu yake wiki hiyo, akalalamika kwa kila aliyepita. Trekta lake linavuta hadi leo, na siku hizi humsikii akisema juu ya umri wa chuma.

Neno moja kwa mafundi, nisije nikawasifu kupita kiasi: acheni kupuliza vumbi la klachi kwa kompresa. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Baada ya hapo huja hoja ambayo wapinzani wangu huitoa kwa sauti ya ushindi: vipuri vya matrekta haya havipo tena. Ingekuwa kweli, ningefunga kalamu. Lakini Massey Ferguson 135 haikufa ilipoacha kutengenezwa Coventry, ilihama. Uzao wake, MF 240, umeendelea kutoka kwenye kiwanda cha Millat huko Lahore, Pakistani. TAFE ya Chennai, India, imeishi miongo kadhaa kwa kutengeneza ndugu zake. IMT ya Belgrade ilitoa kwa maelfu ndugu wa MF 35 kwa leseni. Ndiyo maana diski, beringi na presha pleti za ukoo huu utazikuta Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, utazikuta Kirinyaga Road, Nairobi, na mtu mwenye simu na jamaa Kigoma anaweza kuzivusha zikamfikia. Ningependa kumwona mtu akitafuta kwa njia hiyo kompyuta ya trekta jipya la Ulaya.

Ninachokubali ni kwamba sokoni mna takataka. Kuna diski ambazo laini yake hupukutika kwa mvua ya kwanza, na kuna za saizi isiyo yako, kwa sababu klachi za 135 hazikuwa za aina moja: ipo ya inchi 11, ipo ya inchi 12, ipo ya hatua moja na ya hatua mbili. Anayeagiza kwa kusema tu "ya Massey" analetewa ya Massey, ila si ya Massey yake. Chukua diski ya zamani, pima upana, hesabu meno ya katikati, piga picha pande zote, ndipo utume hela. Haya si matatizo ya uzee wa trekta. Ni matatizo ya ununuzi, na mwenye trekta jipya anayo vilevile.

Anayo hata zaidi. Mwaka 2015 majirani zetu Watanzania waliafikiana na kampuni ya Ursus ya Poland kuunganisha matrekta mapya 2,400 pale TAMCO, Kibaha, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Rangi nyekundu, hotuba nzuri. Hazikupita siku nyingi wakulima wakaanza kulalamika waziwazi juu ya ubovu na uhaba wa vipuri, na Ursus yenyewe kule Poland ikafilisika. Mwenye trekta la namna hiyo, klachi ikiisha, anatafuta kipuri cha kampuni iliyofilisika kwa ajili ya mashine yenye binamu wachache mitaani. Mimi nikipewa nichague kati ya upya wa namna hiyo na uzee wa 135, sitaomba muda wa kufikiri.

Wasomi wetu wakisikia hivi hunikumbusha Kongwa. Kwamba mwaka 1947 Waingereza walipoanza mpango wao wa karanga Tanganyika, walileta matrekta yaliyotumika, mabaki ya vita, na mengi yakawa mabovu ndani ya miezi michache. Je, hilo si fundisho kwamba mitumba ni hasara? Wanasahau kisa kilichobaki. Matrekta yale yalikabidhiwa madereva waliofunzwa kwa haraka, kwenye ardhi ya mibuyu na udongo unaokaza kama saruji, vipuri vikiwa haba na karakana ikihemewa. Baadaye zikaletwa Shervick, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na Vickers kwa ajili ya mpango huohuo. Hazikuokoa kitu, na Januari 1951 mpango ukatupwa. Kubadili mashine hakukuziba pengo la mafundi.

Na pawatila za Kichina, zile za magurudumu mawili zinazosifiwa kila semina? Kwenye majaruba ya mpunga zina nafasi yake, sitazidharau. Lakini nazo zina klachi, tena ya diski kadhaa, na mikanda ya kukatika, na hakuna pawatila itakayoteremsha trela la mikungu kutoka Mumirwa likiwa limejaa na dereva akafika salama. Kuuza 135 ili kununua pawatila, kwa mwenye kazi ya kubeba, ni kujipunguzia mkono.

Tusisahau pia hela yenyewe. Seti ya klachi ya trekta la ukoo huu ni dola mia kadhaa. Trekta jipya la nguvu sawa ni dola elfu kumi na kupanda, na Mrundi anayetafuta dola miaka hii anajua anazitafuta wapi na kwa bei gani. Mafuta nayo yamekuwa ya kupanga foleni, au ya kununuliwa kwa madumu yaliyovuka kutoka ng'ambo. Wapinzani husema: bila dizeli, trekta la nini? Dizeli isipokuwepo, jipya na kuukuu yote yanalala. Hilo halimpi ushindi yeyote. Lakini dizeli ikipatikana kwa shida, klachi inayoteleza inaiunguza bure, kwa kuwa injini inazunguka kuliko magurudumu na tofauti yake yote inageuka moto juu ya flaiwili. Mwenye dumu moja ana sababu zaidi ya kutengeneza klachi kuliko mwenye kituo cha mafuta.

Hoja yao iliyo nzito kweli hawaitoi, basi niitoe mimi. Matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na breki zake hazikubuniwa kwa trela lililorundikwa hadi juu kwenye mteremko mkali. Hapo uzee una makosa, na klachi mpya haitayafuta. Dawa yake ni kupunguza mzigo, kuweka breki kwenye trela, na kumchomelea dereva fremu imara. Watu wengi hawafanyi, na wanapaswa kulaumiwa kwa hilo, si kwa kuwa na trekta la 1970. Yapo pia matrekta yanayostahili kuzikwa. Nyumba ya klachi ikipasuka, giaboksi ikivunjika na injini ikatoboka kwa pamoja, usimsumbue fundi. Ila hayo ni magonjwa mengine, na yanajulikana kwa kufunguliwa na kupimwa.

Ziwa hili lenyewe lina shahidi wangu. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, ikabeba watu na dagaa wa Tanganyika hadi ndani ya karne hii. Injini zake za mvuke zilikuja kung'olewa zikawekwa za dizeli, na hapo ndipo penye fundisho: kilichokwisha kilitolewa, kilichobaki kizima kikaachwa kifanye kazi. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa injini imeisha, na bodi itupwe.

Ninaomba mambo mawili, na ni madogo. Vyama vya wakulima wa michikichi vinavyomiliki trekta la pamoja viandike kwenye daftari tarehe ya kurekebisha pedali, kama vinavyoandika uzito wa mikungu. Na fundi aruhusiwe kukataa kufunga klachi nusu bila kuonekana mwizi wa hela. Mara nyingi anayekubali kila kitu ndiye anayekuibia.

Na yule mnunuzi wa chuma chakavu, anayekuja siku ya pili tu baada ya klachi kuungua, akipiga bodi ya trekta kwa kiatu na kusema amekuja kukuondolea taka, muulize swali moja kabla hujapokea fedha yake. Akishalikata, ile Perkins ya silinda tatu atampelekea nani? Ataikwepa. Atasema ni mzigo tu, inauzwa kwa kilo. Usiamini. Injini ile itafungwa kwenye mashine ya mawese ya mtu mwingine, haidroliki itapata mnunuzi wake, magurudumu ya nyuma yatavishwa trela, na giaboksi ambayo klachi ilijitoa mhanga kuilinda itakwenda kwenye 135 ya jirani mwenye akili. Katika lote lile, kitakachouzwa kwa kilo ni diski iliyoungua.